Saratani na sukari: Nusu ya ukweli ni hatari

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba wangu hakuyaficha yake. Kikohozi kilipokataa kuondoka alikwenda hospitalini, akapimwa kifua kikuu akaonekana hana, akarudi tena na tena hadi alipoambiwa kwamba anaugua saratani ya mapafu. Siku hiyo aliwakusanya jamaa wote nyumbani kwetu Taita akawatangazia mwenyewe, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa zaidi ya miaka 30 kuwaita wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi. Kilichomponza mzee huyu hakikuwa siri. Kilikuwa sentensi.

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno matatu tu: “Saratani hula sukari.” Ilimfikia kwa njia ya simu, katika ujumbe uliokuwa umepitia mikono mingi hata aliyeutunga asijulikane. Tangu hapo mjomba alikataa uji, akakataa ndizi, viazi na ugali, kwa hoja kwamba vyote hivyo vikifika tumboni hugeuka sukari. Katika hilo hakukosea, kwani alifundisha sayansi ya shule ya msingi kwa muda mrefu na alijua wanga huishia wapi. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amekonda, mshipi wake wa suruali umetobolewa matundu mawili mapya. Dawa alizotakiwa kuanza zilikuwa zimeahirishwa mpaka apate nguvu za kuzistahimili.

“Mpwa wangu,” akaniambia, “watu wanakuita daktari. Hebu niambie, huyu mdudu si tunamnyima chakula?”

Udaktari wangu ni wa isimu. Najua kuchambua sentensi wala sijui kumpima mtu mapigo ya moyo. Nilimwomba mjomba anipe muda, nikarudi chuoni kuwasumbua wenzangu wa kitivo cha sayansi na kusoma kile walichonipa. Niliyojifunza yamenishawishi kwamba sentensi iliyomnyima mjomba chakula ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyosalia ilipaswa kusemwa na sisi walimu, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Hatukuisema. Ndiyo sababu ninaiandika leo.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, mwanasayansi Mjerumani aliyeitwa Otto Warburg alipima jinsi uvimbe wa saratani unavyotumia sukari iitwayo glukosi. Seli ya kawaida ya mwili, ikipata oksijeni ya kutosha, huivunja glukosi hadi mwisho na kupata nishati nyingi. Ikikosa oksijeni, kama misuli ya mkimbiaji wa mbio fupi, huivunja nusu tu na kubakiwa na asidi ya laktiki, asidi ile ile inayoyatia maziwa lala ukali wake. Warburg aligundua kwamba seli za saratani huchachua glukosi kwa namna hii hata oksijeni inapokuwa tele. Hiyo ni ajabu kubwa. Molekuli moja ya glukosi ikichachuliwa huipa seli vipimo viwili tu vya nishati, ilhali ikivunjwa hadi mwisho hutoa takriban 30. Kwa hivyo seli ya saratani inabidi iingize sukari nyingi mno.

Warburg, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1931 kwa utafiti wake kuhusu upumuaji wa seli, aliamini kwamba chanzo cha saratani ni kuharibika kwa upumuaji huo. Hapo alikosea. Leo inafahamika kwamba saratani huanzia katika mabadiliko ya chembe za urithi, na kwamba seli nyingi za saratani zingali zinapumua vizuri. Hata hivyo, alichokipima kilikuwa cha kweli, na hospitali zinakitumia hadi leo. Mgonjwa anayepigwa picha ya aina ya PET hudungwa glukosi iliyoambatishwa florini yenye mnururisho. Glukosi hiyo inapoingia katika seli hukutana na kimeng'enya kiitwacho heksokinesi, ambacho kazi yake ni kuibandika fosfeti. Ikishabandikwa haiwezi tena kutoka, na kwa kuwa si glukosi halisi haiwezi kuendelea mbele pia. Hunaswa humo, ikamulika mahali uvimbe ulipo. Msomaji atambue pia kwamba kifua kikuu nacho humulika katika picha hiyo hiyo, na katika nchi kama yetu, ambamo kifua kikuu kingali tatizo kubwa, daktari hulazimika kuchukua kinyofu cha uvimbe na kukichunguza kabla ya kutoa hukumu.

Basi kama ni kweli kwamba uvimbe huingiza sukari nyingi, mbona tusimnyime mgonjwa sukari? Jibu ni kwamba sahani ya mgonjwa na damu yake ni vitu viwili tofauti. Mtu akifunga kula, ini lake hutengeneza glukosi na kuimwaga katika damu, kwa sababu ubongo na chembe nyekundu za damu huihitaji kila dakika. Akiendelea kufunga, malighafi ya kutengenezea glukosi hiyo hutolewa kwenye misuli yake mwenyewe. Uvimbe hupata riziki yake. Anayekonda ni mgonjwa. Nao wagonjwa wa saratani ya mapafu wanaopoteza uzito sana huwa na nafasi ndogo zaidi ya kustahimili matibabu. Hakuna mlo ambao umethibitishwa kuua uvimbe wa mapafu wa binadamu kwa njaa. Mgonjwa aliye pia na kisukari ana sababu nyingine za kuangalia anachokula, na hayo ni baina yake na daktari wake.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Neno saratani tulilipokea kutoka Kiarabu, ambamo maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Walatini nao waliuita ugonjwa huu kaa, na Wayunani kabla yao vilevile. Mataifa matatu yalitazama uvimbe uliotanda mishipa pembeni yakaona mnyama. Na mnyama ana kinywa. Tukishasema “saratani hula”, kitenzi kinatulazimisha kuwaza kinywa, chakula na njaa. Na mwenye kinywa hunyimwa chakula, akafa. Mjomba aliposema “huyu mdudu” hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa akiifuata sarufi ya sentensi hadi mwisho wake. Lakini saratani haina kinywa. Ni seli zetu wenyewe, zenye njia zile zile za kuvunja na kujenga walizo nazo jirani zake, isipokuwa zimeacha kutii amri ya kukoma kugawanyika.

Kosa la pili limo katika neno la darasani, nalo linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Kiswahili kina istilahi nzuri, kimeng'enya, iliyoundwa kutokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kusaga chakula tumboni. Mwanafunzi hukutana nacho kwanza katika mada ya mmeng'enyo wa chakula, akajua kwamba mate yana kimeng'enya cha kuvunja wanga na tumbo lina kimeng'enya cha kuvunja protini. Aghalabu safari yake huishia hapo. Anaondoka shuleni akiamini kwamba kila kimeng'enya ni meno madogo ya kutafuna. Sizilaumu istilahi zetu. Neno la Kiingereza, lililotokana na Kiyunani kupitia kwa Mjerumani Wilhelm Kühne katika karne ya 19, lina maana ya kilichomo ndani ya hamira. Wala hakuna Mwingereza anayedhani vimeng'enya vyote vinaishi katika unga wa mkate. Kila istilahi huanza na picha finyu. Ni kazi ya mwalimu kuipanua.

Na picha ipanuliweje? Kimeng'enya ni fundi. Seli moja ina maelfu ya mafundi hawa, kila mmoja na kazi yake. Wako wanaovunja, lakini wako pia wanaojenga: wanaounda mafuta ya utando wa seli, wanaounda protini, wanaounda herufi za DNA. Jumla ya kazi zao zote, za kuvunja na za kujenga, ndiyo tunayoiita umetaboli. Seli inayotaka kugawanyika mara dufu haihitaji nishati peke yake. Inahitaji matofali ya kujengea seli ya pili. Wanasayansi wengi leo wanaielewa ajabu ya Warburg kwa njia hii, kwamba seli ya saratani huiharakisha glukosi katika hatua za mwanzo kwa sababu hatua hizo zina vichochoro vingi vya kuelekea kwenye ujenzi. Kwa hiyo anayetaka kuizuia afadhali asihangaike na lori la mchanga linaloingia langoni. Amtafute fundi mmoja ambaye bila yeye nyumba haisimami, amfunge mikono.

Hili si ndoto. Lilianza kutendeka zaidi ya miaka 70 iliyopita. Katika miaka ya 1940, mjini Boston nchini Marekani, daktari Sidney Farber alikuwa akiwatibu watoto wenye saratani ya damu, ugonjwa ambao wakati huo uliwaua wote. Ilionekana kwamba watoto waliopewa asidi ya foliki, vitamini ipatikanayo katika mboga za majani, ugonjwa wao uliongeza kasi. Farber akajiuliza: je, tukiwapa kitu kinachofanana na vitamini hiyo lakini kikaziba njia yake? Yellapragada Subbarow, mwanakemia mzaliwa wa India, pamoja na wenzake, walitengeneza kitu hicho, kikaitwa aminopterini. Mwaka wa 1948 Farber alitangaza kwamba kati ya watoto 16 waliotibiwa, kumi walipata nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda tu, na watoto hawakupona. Lakini kwa mara ya kwanza saratani ya damu ya watoto ilirudishwa nyuma kwa dawa, na shabaha ya dawa hiyo ilikuwa kimeng'enya cha umetaboli, fundi anayeiandaa foleti ili itumiwe katika kuunda DNA.

Kutoka hapo hadi kwenye mapafu njia ni moja. Edward Taylor, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Princeton, alivutiwa tangu ujana wake na jambo dogo la ajabu: umbo la sehemu moja ya molekuli ya asidi ya foliki lilifanana na lile la rangi zinazopamba mabawa ya vipepeo. Alitumia miaka mingi akizichezea molekuli za ukoo huo, na kwa ushirikiano na kampuni ya Eli Lilly ikapatikana dawa iitwayo pemetreksedi, ambayo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2004 na hadi leo ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana dhidi ya saratani ya mapafu. Dawa hii hujifanya foleti, ikaingia ndani ya seli na kuwafunga mikono mafundi kadhaa kwa pamoja. Mkuu wao ni thimidileti sinthesi, kimeng'enya kinachotoa herufi moja kati ya nne za DNA. Herufi hiyo ikikosekana, seli haiwezi kunakili maandishi yake, na isiponakili haigawanyiki.

Hebu tuzingatie mambo mawili kuhusu dawa hii, maana yanaweka wazi kabisa tofauti kati ya kumfunga fundi na kumnyima mgonjwa chakula. Kwanza, mgonjwa anayetibiwa kwa pemetreksedi hupewa na daktari vidonge vya asidi ya foliki, pamoja na sindano ya vitamini B12. Anapewa vitamini ile ile ambayo dawa inaiga, ili seli zake nzima, za uboho na za utumbo, zisiangamie pamoja na zile mbovu. Mtu anayeifuata mantiki ya njaa angezitupa vitamini hizo mtoni, na sumu ya dawa ingemwelemea. Pili, dawa hii haifai kwa kila saratani ya mapafu. Katika aina inayotokana na seli bapa hufanya kazi hafifu, na sababu mojawapo inayotolewa ni kwamba uvimbe wa aina hiyo aghalabu huwa na thimidileti sinthesi nyingi zaidi. Mafundi ni wengi kuliko pingu. Ndiyo maana daktari husisitiza kujua aina ya uvimbe kabla ya kuandika dawa, na mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara asidhani anacheleweshwa bure.

Sitaki msomaji aondoke hapa akidhani kwamba siri yote imekwisha kufichuliwa, kwani kumtia mgonjwa matumaini ya uongo ni dhuluma sawa na kumnyima uji. Seli ya saratani ni jeuri. Ukiifungia njia moja huenda ikatumia nyingine. Watafiti wa Dallas, Marekani, waliwadunga wagonjwa wa saratani ya mapafu glukosi yenye alama wakati wa upasuaji, wakafuatilia inakoishia. Matokeo waliyoyatangaza mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba uvimbe wa mapafu ndani ya mwili wa binadamu huivunja glukosi hadi mwisho pia, kinyume na dhana ya Warburg, na kwamba hata sehemu mbalimbali za uvimbe mmoja hutofautiana. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba uvimbe huo huweza kutumia hata asidi ya laktiki kama kuni. Yaani kile tulichokiita taka, nacho ni chakula.

Kushindwa kumekuwako vilevile. Baadhi ya saratani za mapafu zina kasoro katika jeni iitwayo KEAP1, na maabarani zilionekana kutegemea mno kimeng'enya kinachovunja glutamini, mojawapo ya asidi za amino. Dawa ya kukifunga kimeng'enya hicho, telaglenastati, ilitengenezwa, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo pamoja na dawa nyingine. Mwaka wa 2021 jaribio lilisimamishwa kwa kuwa halikuonyesha manufaa yaliyotarajiwa. Katika sahani ya maabara seli huishi kwa chakula kimoja kilichopimwa. Katika mwili wa mtu imezungukwa na damu iliyobeba kila kitu. Waliotarajia muujiza walivunjika moyo, ilhali wanaojua sayansi inavyotembea waliyaandika matokeo na kuuliza swali jipya.

Kwa nini nimewachosha walimu na wanafunzi kwa mambo haya yote? Kwa sababu saratani ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani: mwaka wa 2022 ilikadiriwa kuwaua watu wapatao milioni 1.8. Kwa sababu dawa nyingi za ugonjwa huu zina shabaha, na shabaha haielezeki kwa mgonjwa asiyejua kimeng'enya ni nini. Na kwa sababu Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini mwanafunzi wetu husoma biolojia yake yote kwa Kiingereza, akafaulu, kisha akarudi kijijini asiweze kumweleza mamake kilichoandikwa katika karatasi ya hospitali. Pengo hilo halikai tupu. Hujazwa na ujumbe wa simu.

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyabeba mambo haya. La hasha! Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, na wengi wetu hatujaifungua. Makala hii yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili, na palipokosekana neno, jina la kigeni limevalishwa kanzu yetu likakaa. Kinachopungua ni mazoea. Nawasihi walimu wa sayansi, hata kama mtihani ni wa Kiingereza, watenge dakika tano za mwisho wa kipindi wamwambie mwanafunzi: sasa nieleze hayo uliyojifunza kana kwamba unamweleza nyanya yako. Atakayeshindwa, ajue bado hajaelewa. Nawasihi walimu wa Kiswahili nao waache kudhani kwamba insha ni za methali na mandhari ya machweo peke yake. Mpeni mwanafunzi mada ya kimeng'enya. Na wewe mwanafunzi, ujumbe wa simu unaoanza na neno saratani usiusambaze kabla hujaupeleka kwa mwalimu wako.

Nilirudi Taita baada ya wiki mbili. Nilimweleza mjomba niliyojifunza, kwa lugha yetu ya nyumbani na kwa Kiswahili, nikamchorea ini na misuli na nyumba inayojengwa. Alinisikiliza kama mkaguzi wa shule anayesikiliza somo la mwalimu mgeni, akaniuliza maswali matatu magumu, moja nikalishindwa. Kisha akamwita shangazi amletee uji. Alipata nguvu, akaanza dawa, akatuachia miezi ambayo hatukuitarajia, na baadaye akafariki akiwa kitandani pake. Sisemi kwamba sentensi ile ndiyo iliyomuua. Maradhi yake yalikuwa yamekwisha kuenea. Ninachosema ni kwamba ilimwibia majuma kadhaa ya nguvu na ya uji mtamu, na kwamba alifundisha maisha yake yote, tena sayansi, bila yeyote kati yetu wasomi kumletea nusu ya pili ya somo.

Siku ile, alipokwisha kunywa, aliniuliza swali la mwisho: “Na haya mnawafundisha watoto?” Nilinyamaza. Naliacha swali lake kwenu, walimu wenzangu, mlijibu darasani.